Benchi la Mlango wa Pembeni

Harufu ya kinyesi cha ng'ombe kilichochanganywa na majivu haina wapenzi wengi, najua. Waliokulia kwenye sakafu ya saruji huikunjia pua. Lakini majuzi nilisimama kwenye mlango wa jikoni kwa wifi yangu, kule kwetu karibu na Shianda, nikaivuta mpaka kifua kikajaa, naye akadhani nimeshikwa na pumu.

"Usikanyage, bado ni mbichi," aliniambia. Alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kusiriba sakafu, mikono imechafuka hadi viwikoni. "Ngoja ikauke kidogo, ama upitie nyuma."

Sikutaka kupita popote. Nilitaka kusimama pale niendelee kunusa, maana ndani ya harufu ile alikuwamo Kukhu, nyanya yangu mzaa baba, na lilikuwamo kanisa letu la zamani, na mimi mwenyewe nilikuwamo, nikiwa na magoti yenye vumbi na kichwa kilichojaa mambo niliyoyaelewa kinyume.

Kanisa lenyewe lilikuwa la udongo na mabati, katikati ya mashamba ya miwa. Miwa ikikomaa, ulilisikia likiimba kabla ya kuliona. Sakafu yake ilisiribwa kila Jumamosi, na desturi ilikuwa kwamba kila mtu asiribe mahali anapokaa. Sisi watoto tulisiriba pale ulipotandikwa mkeka wetu wa mafunjo, wasichana wakasiriba chini ya benchi lao, akina mama chini ya mabenchi yao. Wanaume walisiribiwa na wake zao, kisha Jumapili wakaja kukaa juu ya jasho la wengine bila wasiwasi wowote. Kukhu alikuwa na mkono wake. Alimaliza kwa kupitisha vidole vilivyotanuliwa, akichora nusu duara moja baada ya nyingine, na hata kanisa likiwa tupu ungejua ni wapi anapokaa.

Kukaa kwenyewe kulikuwa na mpango ambao hakuna aliyetufundisha, tuliuona tu. Mtu alianzia mkekani, mbele kabisa, chini ya macho ya mchungaji. Akishajua Baba Yetu na zaburi fupi, alihamishiwa benchi la wasichana au la wavulana, huko nyuma. Akikua alihamia benchi la vijana, kisha la akina mama au akina baba, akisogea mbele kadiri nywele zilivyobadilika rangi. Mwisho wa safari ilikuwa benchi la wazee. Hilo halikutazama madhabahu kama mengine. Lilikuwa limeegeshwa ukutani, ubavu, na ncha yake moja ilifika kwenye mlango mdogo wa pembeni.

Kuhama hakukufanyika ovyo. Kulingoja Jumapili ya mavuno, siku ya kuleta viazi vitamu, mikungu ya ndizi na kuku waliofungwa miguu. Baada ya matoleo mchungaji alimshika mtu mkono, akamsimamisha mbele ya benchi lake jipya na kuuliza, "Nafasi iko?" Wote waliokaa pale walijibu, "Iko," wakasogea kwa makalio, pakapatikana pengo, mtu akakaa. Basi. Hakukuwa na cheti wala keki. Lakini nimewaona watu wazima wakitokwa na machozi kwa neno hilo moja.

Sasa, mimi nilikuwa mtoto wa kuchunguza mambo, na uchunguzi wangu ulinipeleka pabaya. Shuleni tulibanana kwenye madawati hivi kwamba akija mtu mmoja huku, aliye ukingoni kule anaanguka. Nililiona hilo kila siku, na mara nyingi aliyeanguka alikuwa mimi. Kisha nikaangalia kanisani. Watu waliingia kwa upande wa mkeka, wakasukumwa benchi hadi benchi, mpaka wakafika lile la wazee, ambalo mwisho wake ni mlango. Na mlango wenyewe tuliujua. Majeneza yalipitishiwa pale, kwa sababu mlango mkubwa ulikuwa na ngazi mbovu. Hesabu ikakubali. Kila mtoto aliyeinuka mkekani alikuwa anamsukuma mzee mmoja nje.

Mwaka ule Kukhu Sabeti, rafiki wa Kukhu wetu, alifariki. Alikuwa mama mnene mwenye pipi mfukoni, na alikaa benchi la wazee. Jeneza lake liliingia na kutoka kwa mlango ule wa pembeni, nami nilikuwa mkekani, karibu kiasi cha kunusa rangi ya mbao. Miwa ya msimu ilipokuwa inaishia kukatwa, nilimsikia Mama akimwambia Baba wakati wa chakula, "Mavuno haya, Kukhu anahamia benchi la wazee. Na huyu wetu anatoka mkekani. Siku moja. Mungu amefanya vizuri."

Obusuma, ugali wetu, ulinikwama kooni. Mama alinipiga mgongo akidhani nimekula kwa pupa.

Niliwaza njia moja tu, kwamba nisiinuke. Mkeka usipomtoa mtu, hakuna wa kusukuma, na Kukhu atabaki kwenye benchi la akina mama milele, akiimba sauti ya tatu ambayo haikuwa sauti ya tatu wala ya nne. Kwa hiyo Mwalimu Roselida, msichana mrefu aliyetufundisha sisi wa mkekani, aliponisimamisha niseme Baba Yetu, nilisema neno la kwanza nikanyamaza.

"Endelea," alisema.

"Nimesahau."

"Jana umenisemea yote. Mpaka na amina."

"Nimesahau na amina."

Hakunikemea. Alipokuwa anatutoa nje alinishika sikio, polepole, bila kulivuta, akasema, "Kuna kitu unafichanga wewe." Nilimpenda Mwalimu Roselida kuliko walimu wote wa dunia, na bado sikumjibu.

Jumamosi ya kuamkia mavuno, Kukhu alinichukua tukasiribe. Nilibeba majivu, yeye akabeba ndoo. Alisiriba mahali pake pa siku zote, chini ya benchi la akina mama, na safari hii alikawia, akachora nusu duara zake kwa utaratibu, kisha akakaa kitako akapaangalia. Nikafikiri labda amebadilisha nia. Lakini aliinuka, akabeba ndoo, akaenda mpaka benchi la wazee, akapiga magoti mahali pa Kukhu Sabeti na kuanza upya. Huku anaimba.

Alipotoka kwenda mtoni kunawa, niliingia pale kwenye ubichi na miguu yangu yote. Nilikanyaga kutoka ukutani mpaka mwisho wa kazi yake, nikageuka, nikarudi. Ilikuwa baridi na laini, ikapenya katikati ya vidole. Nilikuwa nalia, lakini sikuacha kukanyaga.

Kukhu alirudi akasimama mlangoni, maji yakimchuruzika viwikoni.

"Huyu ni ng'ombe gani ameingia hapa?"

"Ni mimi."

"Naona. Ng'ombe hana vidole." Alikuja akainama akatazama nyayo zangu. "Mbona unaniharibia mahali pangu?"

"Si pako. Ni pa Kukhu Sabeti."

"Sabeti ameenda."

"Ndiyo maana," nikasema, kisha yote yakamwagika. Dawati la shule, mkeka, mlango, majeneza. Kwamba nikiinuka mimi, atasukumwa yeye. Kukhu alikuwa mtu wa kucheka kila kitu, hata mchungaji alipoteleza siku ya ubatizo alicheka mpaka akashika nguzo. Siku hiyo hakucheka. Aliigeuza ndoo akaikalia.

"Nani amekuambia hayo?"

"Nimeona mwenyewe."

"Mimi nitakufa tu, mwana wanje, mwanangu. Hata nikikaa juu ya mabati. Mungu hanitafutangi kwa benchi."

"Lakini usife kesho."

"Kesho nina kuku wa kupeleka madhabahuni. Nitakufaje na kuku hajafika?"

Hapo nilitulia kidogo, ingawa niliona wazi kwamba amenijibu ya kesho tu, hakunijibu ya keshokutwa. Alichukua kinyesi kingine, akaanza kufuta nyayo zangu. Alizifuta zote isipokuwa moja, iliyokuwa karibu na ukuta. Hiyo aliizungushia nusu duara zake, akaiacha katikati.

"Hii niachie," alisema. "Nitaweka mguu hapo."

Jumapili kanisa lilijaa mpaka madirishani. Kuku walilia, viazi vilinuka udongo, na Mama alinifunga utepe kichwani ambao ulinivuta ngozi ya paji la uso. Kuhamisha kulianzia kwa wadogo kwenda kwa wakubwa. Mwalimu Roselida, ambaye alikuwa ameshamwambia mchungaji kwamba huyu anajua ila amekataa tu, aliwaita wenzangu mmoja mmoja, wakaenda. Kisha akaniita mimi. Nilishika ukingo wa mkeka kwa mikono miwili.

Aliniita tena. Mchungaji akakohoa. Mama alikuwa ananitazama kwa jicho ambalo tafsiri yake ilikuwa fimbo, na wazee wa kanisa wakaanza kugeuka. Ibada nzima ya mavuno ilikwama kwangu, na kuku nao wakanyamaza, au ndivyo ninavyokumbuka.

Ndipo benchi la akina mama likalia. Kukhu aliinuka, akapita katikati ya watu akishika mabega yao, akafika mkekani, akajishusha. Ilimchukua muda. Kwanza goti, kisha kiganja, kisha yeye mzima, akanyoosha miguu mbele kama sisi.

"Mchungaji, mimi nimerudi mkekani," alisema kwa sauti. "Nianze tena na huyu. Mwalimu, nifundishe."

Kanisa lilicheka, na mchungaji, ambaye alikuwa mtu mkavu, akaangalia dari ili asicheke. Kukhu aliniinamia. Alinuka sabuni ya kipande na moshi.

"Miguu inaniuma hapa chini," alininong'oneza. "Lakini ukikaa, nitakaa. Hata mpaka jioni. Ukitaka niinuke, uniinue, peke yangu siwezi."

Nilimtazama usoni nione kama ananitania. Hakuwa ananitania. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo, na mguu mmoja ulikuwa unatetemeka. Alikuwa ameumia kweli, mbele ya kanisa zima, na angeendelea kuumia kwa ajili yangu. Sikuweza kulivumilia hilo. Nikasimama, nikamshika makwapani, nikavuta kwa nguvu zote, naye akasukuma sakafu, tukainuka pamoja tukiyumba. Alipokuwa amesimama imara ndipo nilipotambua kwamba na mimi nimesimama. Mwalimu Roselida alikuwa tayari ameshanishika mkono.

"Nafasi iko?" mchungaji aliwauliza wasichana.

"Iko."

Walisogea. Nikakaa, mgongo umenyooka, macho yangu yakiwa kule ukingoni, kwa msichana wa mwisho. Alibaki na paja moja hewani. Akacheka, akamshika mwenzake bega, akakaa hivyo hivyo mpaka mwisho wa ibada. Hakuanguka.

Kisha ikafika zamu ya Kukhu. "Nafasi iko?" Wazee walijibu kwa sauti nyembamba, wakasogea polepole. Nilikuwa nimejiandaa kumwona akiwekwa ukingoni, mlangoni. Lakini pengo la Kukhu Sabeti lilikuwa katikati ya benchi, na hapo ndipo Kukhu alipokaa. Ukingoni alikuwapo Mzee Ezra, amesinzia, mahali ambapo alikuwa amesinzia tangu kabla sijazaliwa, na ambapo aliendelea kusinzia miaka mingi baadaye. Hesabu yangu ilivunjika pale pale.

Kukhu aliweka mguu wake juu ya unyayo wangu, akanyoosha gauni, kisha akainua uso akanitafuta. Hakuhitaji kugeuka. Kutoka benchi lile, lililoegeshwa ubavu, aliona kanisa lote, mkeka, wavulana, wasichana, akina mama, kila mtu. Nilikuwa nimeamini kwamba wazee wamegeuzwa hivyo ili wafike mlangoni kwa urahisi. Kumbe wamegeuzwa ili watuone.

Na alituona. Kwa miaka yote iliyofuata sikuwahi kupiga miayo bila Kukhu kujua. Aligusa kola yake, nami nikajua yangu imekunjika. Alitafuna hewa, nami nikatema nilichokuwa natafuna. Nilipohamia benchi la vijana, mtoto wa kike mwenye aibu na kifua kipya, sikujua niangalie wapi, nikamwangalia yeye, akanitikisia kichwa kidogo tu, ndiyo, hapo hapo, kaa. Nafikiri imani yangu yote, ile iliyobaki baada ya kusoma na kufiwa na kuchoka, ni ile ya kuangaliwa namna hiyo.

Alifariki nikiwa bado benchi la vijana. Aliingizwa kwa mlango wa pembeni na kutolewa kwa mlango huo huo, nami sikuuogopa tena, niliuchukia tu. Jumapili iliyofuata pengo lake liliachwa wazi, kama ilivyokuwa desturi. Nilipiga miayo makusudi. Hakuna aliyeniona.

Baadaye nilienda kusomea uuguzi, nikapata kazi Eldoret, nikabaki huko. Nimefunga ndoa huko, katika kanisa kubwa lenye vipaza sauti vinavyotikisa kifua. Nimebatiza watoto wangu huko. Nimemzika mume wangu kutoka huko, na watu walikuwa wema, walileta sufuria na maturubai. Silalamiki. Lakini katika yote hayo hakuna aliyenishika mkono akanisimamisha mbele ya watu na kuuliza kama nafasi iko. Nilikuwa mke, nikawa mama, nikawa mjane, kila mara nikitafuta kiti mwenyewe. Kwa mpango wa kanisa letu la mashamba ya miwa, mimi mwenye mvi hizi bado ni msichana wa benchi la vijana, nangoja mavuno.

Ndiyo sababu, Jumapili iliyofuata siku ile ya jikoni kwa wifi yangu, nilivaa nikaenda kanisani. Nilijua limejengwa upya, pale pale. Ni la mawe sasa, zuri, vigae vinang'aa hivi kwamba unaona pindo la gauni lako. Palipokuwa na mlango wa pembeni sasa pana dirisha. Mabenchi hayapo. Kuna viti vya plastiki, vyeupe, vimepangwa mistari, kila mtu na chake, na watu wanakaa wanapotaka. Kijana mmoja mwenye beji alinipokea kwa adabu.

"Karibu mgeni."

Nilimshukuru. Ningemwambia nini? Alisema viti vimejaa, ningoje akalete kingine stoo, akaenda zake. Nikabaki nimesimama kando ya ukuta, mbele, mkoba mkononi, kwaya ikiimba. Nilianza kupima kwa macho. Madhabahu pale, dirisha lililokuwa mlango pale, kwa hiyo benchi lilianzia hapa. Mahali pa Kukhu, na chini ya vigae, chini ya saruji, udongo wetu na nusu duara zake zote, Jumamosi juu ya Jumamosi. Nilikuwa nimesimama juu yake. Nikatamani kuvua viatu.

Mtu alikuwa ananitazama. Kwenye kiti cha mwisho cha mstari wa mbele, bibi mrefu aliyekunjamana, fimbo katikati ya magoti. Alikuwa amekigeuza kiti chake upande, kikatazama watu badala ya madhabahu, na nadhani walikuwa wameshachoka kumwambia akirudishe. Alinitazama mpaka nikamtambua. Akagusa sikio lake, polepole, bila kulivuta.

"Mwalimu Roselida," nikasema.

"Ni wewe ulisahau na amina," akasema. "Umechelewa wapi mpaka saa hii?"

Nilitaka kucheka, badala yake machozi yakatangulia. Nilimwinamia nimpe mkono, akaushika asiuachie. Kijana wa viti hakuwa amerudi. Mchungaji wa siku hizi, barobaro mwenye tai nyembamba, alikuwa anapekua simu yake atafute somo, na hata angetaka, hangejua cha kuuliza. Basi nikauliza mwenyewe, kwa sauti ya chini, katika umri huu.

"Nafasi iko?"

"Iko," alisema Mwalimu Roselida. Alisogea kwenye kile kiti cha plastiki cha mtu mmoja, akasogea tena, mpaka paja moja likabaki hewani, kisha akapigapiga upande uliobaki. Nikakaa, nikamshika bega asianguke.